Mtoto wa Moshi anataka kazi ya melini: kwa nini watu huchagua bahari? Naomba waliopita huko waniambie ukweli

Dada_wa_Pasua (Moshi)

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Naomba mnisaidie hili jambo mana nyumbani kwetu limeleta ubishi hadi chakula cha jioni hakiliki kwa amani.

Mdogo wangu wa mwisho kamaliza form six, kasoma PCM na matokeo yake ni mazuri tu. Sote tulijua anaenda kusoma uhandisi wa umeme au wa majengo, baba alishaanza hata kuongea na rafiki zake wa zamani. Sasa dogo kaja na la kwake, anataka kwenda chuo cha ubaharia cha DMI kule Dar akasome uinjinia wa meli, afu akimaliza akafanye kazi kwenye hizi meli za nje zinazozunguka dunia. Tumemuuliza umeitoa wapi hiyo, sisi watu wa mlimani, yeye mwenyewe bahari kaiona Tanga tu tulipoenda kwenye msiba. Anajibu naipenda, basi. Ukimbana zaidi anatoka anaenda kushinda gereji ya jirani mpaka giza linaingia.

Mama ndo kagoma kabisa. Mwaka 1996 MV Bukoba inazama yeye alikuwa anaishi Mwanza, aliona watu walivyokuwa wanasubiri miili ya ndugu zao, mpaka leo ukimtajia meli anainuka anaenda jikoni. Baba yeye anasema kama ni hela basi kuna kazi kibao nchi kavu. Mimi nimewekwa katikati, huyu ananipigia simu na yule ananipigia.

Naomba kujua kwa waliofanya hii kazi au wenye ndugu huko: mtu anachaguaga bahari kwa sababu gani hasa? Hela tu? Kutembea? Au kuna kitu sisi wa huku juu hatukijui? Na huyu wa kwetu tumuache au tumzuie? Semeni ukweli hata kama unauma.

---

Sombetini_Injini (Arusha)

Dada pole sana, ila umeuliza vizuri na umefanya la maana kuuliza kabla ya kumkatalia. Mimi ni chalii wa Sombetini hapa Chuga, ni injinia kwenye meli za mizigo na saa hizi nipo likizo nyumbani, kwahiyo nitakuandikia kwa kirefu.

Kwanza hili la watu wa mlimani liweke pembeni. Kampuni kubwa kuliko zote duniani ya meli za makontena ni MSC na makao yake makuu yapo Geneva, Uswisi, nchi ambayo haina hata hatua moja ya ufukwe wa bahari. Ethiopia haina bahari tangu Eritrea ijitenge 1993 na bado ina meli zake na inafundisha mabaharia wake. Mimi nimefanya kazi chini ya sekondi injinia (msaidizi wa injinia mkuu) Mhindi kutoka Punjab, huko kwao bahari hamna kabisa. Mtu haendi melini kwa sababu kazaliwa karibu na maji, anaenda kwa sababu kazi ya kule inamfaa.

Sasa sababu. Hela ipo, tusidanganyane. ILO, shirika la kazi duniani, wana kima cha chini cha mshahara wa msingi wa AB, yani baharia mzoefu wa deki, mwaka 2025 kilikuwa dola 673 kwa mwezi, hapo bado ovataimu na likizo, na huyo sio ofisa. Maofisa ni zaidi ya hapo. Na melini hela inakaa mana chakula na kitanda ni cha mwenye meli, nauli ya kwenda na kurudi ni yake, huna pa kuitumbulia katikati ya maji. Vijana wengi wanajenga mapema kwa sababu hiyo. Ila mjue kwamba kampuni nyingi zinakulipa ukiwa na mkataba tu, mkataba ukiisha umerudi nyumbani mshahara nao umesimama mpaka upande tena. Asiyejua kuweka akiba anarudi baharini kabla hajapumzika, na wapo wengi sana wa hivyo.

Lakini nakwambia kwa nilichokiona, walioingia kwa hela peke yake hawakai. Mkataba wa kwanza anamaliza, wa pili anatafuta sababu. Wanaokaa ni wale wanaoipenda kazi yenyewe ilivyo. Kule cheo kinapanda kwa cheti na muda uliokaa baharini, mjomba wako hata awe waziri hawezi kukufanya sekondi injinia kama huna cheti, sababu bandari yoyote duniani mkaguzi akipanda anaomba kukiona. Mimi nimetoka familia haina mtu anaemjua mtu, na hiyo ndo ilinivuta mpaka leo. Unajua kabisa ukitimiza hiki na hiki unapata hiki. Niambie ofisi ngapi hapa mjini ziko hivyo.

Na kitu kingine ni mashine. Injini kuu ya meli kubwa inapita urefu wa nyumba ya ghorofa tatu, unapanda ngazi kuzunguka injini moja, na inazunguka taratibu tu mara themanini mpaka mia kwa dakika, bonge zima la chuma linapumua. Mafuta mazito yanayotumika ukiyaacha yapoe yanakuwa kama lami, kwahiyo lazima yapashwe moto, yasafishwe kwenye pyurifaya, yani mashine ya kuchuja mafuta, ndo yaende kwenye injini. Hiyo pyurifaya inafunguliwa, disiki zinatolewa moja moja, unasugua uchafu mweusi, unarudisha kwa mpangilio uleule, ukikosea moja inapiga kelele au inamwaga mafuta. Joto chini huko linazidi digrii 40 ukiwa maeneo ya tropiki, masikioni umevaa vizuizi, mnaongea kwa ishara za mikono. Meli nyingi za siku hizi usiku injini rumu haina mtu, ila alamu imeunganishwa na kabini ya injinia wa zamu. Inalia saa nane usiku, unavaa ovaroli, unashuka, unaangalia kwenye skrini ni nini, labda ni tenki limejaa au presha ya mafuta ya kulainisha imeshuka, na huyo ni wewe, usiku, meli inatembea. Kuna watu hilo linawachosha roho na kuna watu wanashuka na damu inachemka kwa hamu ya kujua tatizo liko wapi.

Umesema dogo akibanwa anaenda kushinda gereji. Mimi hapo ndo nimesoma mara mbili. Anafanya nini huko gereji? Anapiga stori au anashika spana? Jibu hilo litakusaidia kuliko majibu yetu wote.

---

Mama_wa_Kijenge (Arusha)

Kaka wa Sombetini ameongea vizuri ila ameongea upande wa mwenye kupanda meli. Mimi naongea upande wa anaebaki.

Mume wangu ni baharia, ofisa wa deki, tumeoana akiwa tayari huko. Dada nakuambia kwa upendo, nyie familia ndo mnaajiriwa pia ila hamsaini popote. Mtoto wetu wa kwanza kazaliwa baba yake yupo njiani kati ya Singapore na Afrika Kusini, simu ilikuja siku ya tatu. Siku hizi afadhali meli nyingi zina intaneti ya setilaiti, anaona watoto kwa video, lakini mtoto akilazwa ni wewe, bomba likipasuka ni wewe, wakwe wakiwa na kikao ni wewe. Mwaka 2020 ndo usiseme, mkataba umeisha, bandari zimefungwa kwa corona, hashuki, dunia nzima IMO, shirika la kimataifa la usafiri wa bahari, walisema mabaharia kama 400,000 wamekwama hivyohivyo baharini. Niliona mwanaume mzima anaishiwa maneno kwenye simu.

Na kitu ambacho watu wa Moshi mtakisikia zaidi ni Desemba. Mnajua kwetu Uchagani Desemba ilivyo, watu wanapanda toka Dar na Mwanza na wapi, mbuzi, ndugu, kila ukoo nyumbani. Mume wangu Desemba nyingi hayupo. Mama mkwe anamuwekea kipande chake cha nyama halafu tunakigawa kwa watoto. Huwezi kuchagua, meli ikikuita Oktoba unaenda Oktoba.

Sasa utaniuliza kwa nini hajaacha. Nilimuuliza. Akanijibu akiwa nyumbani anakuwa nyumbani kwelikweli, miezi mitatu minne hana bosi hana imeli, anawapeleka watoto shule kila asubuhi, anawajua walimu wote kwa majina, majirani zetu wenye kazi za ofisini wanatoka alfajiri wanarudi watoto wamelala. Na ni kweli, nimehesabu kichwani mara nyingi, hata sijui nani kati yetu anaona mume zaidi kwa mwaka. Mimi nimelikubali. Ila dogo akioa amwambie mke mapema kabla ya posa, sio baada.

---

Kibosho_Deki

Habari za jioni. Mimi ni binti wa Kibosho, nimesoma DMI upande wa uongozaji wa meli na kwa sasa ni kadeti wa deki, yani ofisa anayejifunza kazi melini. Wanawake melini duniani kote ni kama asilimia 1 tu kwahiyo mkiona nimeongea kwa ukali mnisamehe, nimezoea kuulizwa umefikaje.

Kwa nini nilichagua: nilikuwa napenda ramani tangu darasa la tano. Basi. Sio hela, hela nilikuja kuijua baadae. Zamu yangu naifanya na chifu ofisa, msaidizi wa kwanza wa nahodha, saa kumi alfajiri mpaka saa mbili asubuhi. Kwenye briji, chumba cha kuongozea meli, usiku taa zote zinazimwa ili macho yazoee giza, inabaki mwanga hafifu wa rada na ramani ya kielektroniki. Unaona taa kwa mbali, nyekundu maana yake unamwona ubavu wake wa kushoto, kijani ubavu wa kulia, ukiona zote mbili pamoja huyo anakujia usoni. Chifu ananiuliza huyu tumpishe au atupishe, nijibu na nitaje kanuni. Mimi hiyo saa sibadilishi na kazi yoyote ya Arusha wala Dar.

Ila dada nataka niwaonye kitu kimoja ambacho kwenye matangazo ya chuo hakisemwi kwa sauti. Darasa ni nusu. Nusu nyingine ni kupata meli ya kukuchukua kama kadeti. Kwa mkataba wa kimataifa wa STCW, unaohusu mafunzo na vyeti vya mabaharia, huwezi kupata cheti cha ofisa wa deki bila miezi 12 ya baharini iliyoandikwa kwenye kitabu cha mafunzo, na kwa injinia ni miezi 12 ya karakana na bahari ikichanganywa. Sisi Tanzania meli za nje za kwetu ni chache, kwahiyo vijana wanamaliza wanakaa mtaani na diploma wakisubiri nafasi, mwaka unakatika, mwingine unaingia, wengine wanaishia boda. Niliomaliza nao wapo waliokata tamaa na walikuwa na akili kunizidi.

Na hapo ndo matapeli wanapoingia. Kuna wakala mmoja, jina silitaji, alichukua hela za wenzangu watatu akawaahidi meli Uturuki, walifika uwanja wa ndege wakakuta tiketi ni feki. Mkataba wa MLC wa 2006, unaohusu haki za mabaharia kazini, unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Gharama za pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha afya ni zako, sawa, ila mtu akisema lipa milioni kadhaa nikupandishe meli, kimbia. Waulizeni TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, kama huyo wakala anatambulika. Na kabla ya kusaini omba namba ya IMO ya hiyo meli, ni tarakimu 7 na haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina na bendera mara ishirini, unaitafuta mtandaoni unaona ina umri gani na imeshazuiliwa bandari gani. Kuna meli zinatelekezwa na wenyewe, mabaharia wanabaki ndani miezi hawana mshahara wala maji ya kunywa. Meli mbovu hutafuta watu wenye shida, na sisi ndo tunaoonekana tuna shida.

---

Mpagazi_Marangu

Mimi sijafika baharini, kazi yangu ni mlimani, napandisha wageni Kilimanjaro. Nimesoma hizi habari nikaona ni kazi ndugu, unaacha watu nyumbani, unaenda mahali ambapo hali ya hewa ndo mwenye amri, unarudi na hela ya mkupuo. Tofauti yao ni kwamba wao cheti kinapanda. Mwambieni dogo asome. Huku migongo inaisha na karatasi hamna.

---

Dada_wa_Pasua (Moshi)

Asanteni sana jamani, sikutegemea mtaandika hivi. Nimemsomea mama post ya mke wa baharia, amesikiliza mpaka mwisho, hiyo kwake ni hatua.

Maswali yake mawili. La kwanza, meli ikizama. Anasema msimpe maneno ya kumtuliza. La pili ni mimi nauliza, macho. Dogo anavaa miwani, kuna mtu kaniambia mwenye miwani hachukuliwi.

---

Mzee_Machame

Wanangu hamjambo. Mimi nina miaka mingi tangu niache bahari, sasa nalima ndizi na kahawa kidogo huku Machame, mjukuu ndiye ananisaidia kuandika.

Nilikuwa mtu wa kupaka mafuta kwenye injini katika shirika la Eastern African National Shipping Line, lile la Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia lililoanzishwa 1966. Siku hizo tulipeleka Ulaya mkonge na kahawa, magunia ya kahawa ya KNCU, ushirika wa wakulima wa hapahapa Moshi, nimeyaona yakishushwa kwa kreni Ulaya, nikawaambia wenzangu haya yametoka kwetu. Meli ilikaa bandarini wiki, wakati mwingine mbili, kwa sababu mzigo ulipakiwa gunia kwa gunia. Sisi tulivaa suti tunatembea mjini. Vijana wa wakati wetu wengi walichagua bahari kwa ajili hiyo, kuiona dunia, kwani nani angekupeleka Hamburg mtoto wa mkulima?

Hiyo sababu imekufa, kijana asidanganyike. Kontena limemaliza kila kitu. Meli inaingia usiku inatoka kesho yake, bandari zenyewe zimehamishiwa mbali na miji, unaona makreni na taa na uzio. Mabaharia wa sasa wamezunguka nchi nyingi kuliko mimi ila hawajazikanyaga. Kama mdogo wako anataka kutalii basi aende utalii, Arusha pamejaa.

Kuhusu mama yako. Mpeni heshima yake, aliyoyaona Mwanza si madogo. Msimjibu harakaharaka.

---

Sombetini_Injini (Arusha)

Shikamoo mzee wangu. Nimefurahi sana kusoma, sisi wa sasa hatujui kama waliotutangulia walitoka mpaka Machame.

Dada, jibu la mama bila kumtuliza. MV Bukoba ilikuwa meli ya abiria ya ziwani, ilijaza kupita uwezo wake na uthabiti wake majini ulikuwa na shida. Spice Islander mwaka 2011 kule Nungwi nayo ilikuwa imejaza watu kupindukia. Meli za mizigo za kimataifa ni habari nyingine, watu ndani ni ishirini na kitu, kila mmoja ana nafasi yake kwenye boti la kuokolea, zoezi la moto na la kuacha meli kila baharia lazima alifanye angalau mara moja kwa mwezi, na kabla hujapanda meli yoyote unasoma kozi ya usalama, unafundishwa kujiokoa majini, kuzima moto na huduma ya kwanza, na hayo ya kujiokoa na kuzima moto yanarudiwa kila miaka mitano. Meli kuzama kabisa inatokea lakini sio ndo kinachotunyima usingizi.

Kinachoua ni vingine na mama akiuliza mwambie. Matenki na maeneo yaliyofungwa. Kutu inakula oksijeni ya ndani, mtu anaingia bila kupima hewa anaanguka, mwenzie anaona kaanguka anakimbilia kumuokoa na yeye anaanguka. Mabaharia wanakufa hivyo wawiliwawili, na dawa yake ni nidhamu tu, pima hewa, jaza fomu ya ruhusa, mtu mmoja abaki mlangoni. Kuna kuanguka toka juu, kuna kamba za kufungia meli zikikatika zinakata mguu. Kuna uchovu, sheria inasema upate mapumziko ya saa 10 kila saa 24 na saa 77 kwa wiki, na kuna meli wanaandika saa za uongo kwenye karatasi. Na kuna vita. Tangu mwishoni mwa 2023 meli zimeshambuliwa Bahari ya Shamu, Machi 2024 mabaharia watatu waliuawa kwenye meli ya True Confidence, kampuni nyingi zikaacha kupita Suez zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema huko chini kabisa ya Afrika. Mikataba mizuri inampa baharia haki ya kukataa kwenda eneo la vita na kurudishwa nyumbani, mibovu haina hicho kipengele. Ndo mana yule binti wa Kibosho anasisitiza kusoma kabla ya kusaini, na mimi nasema hilohilo.

Macho: miwani sio shida, injinia wengi wanavaa na wanakuwa na ya akiba. Shida ni rangi. Asiyetofautisha nyekundu na kijani deki hawezi kabisa, binti ameeleza zile taa. Injini rumu nako wanapima rangi sababu ya nyaya, mabomba na taa za alamu. Mpelekeni kwanza hospitali ya KCMC idara ya macho wampime upofu wa rangi, kabla hamjalipa hata senti ya ada. Nimeona mtu kasoma miaka yote afu kaja kuanguka kwenye kipimo cha dakika chache. Inauma sana.

Na hujanijibu. Gereji anafanya nini?

---

Dada_wa_Pasua (Moshi)

Nimeenda mwenyewe leo kumuuliza yule fundi. Kasema dogo hapigi stori. Kuna injini ya fuso waliifungua wiki iliyopita, dogo ndo alipanga vyuma vyote chini kwenye turubai kwa mpangilio vilivyotoka, kila boliti na mahali pake, fundi akasema hata vijana wake wa siku zote hawafanyi hivyo. Kanionyesha na mkono wake kabisa, hivi na hivi.

Usiku nikakaa na dogo wawili tu, nikamwambia sikupingi ila niambie, na "naipenda" siitaki. Akanyamaza kidogo afu akasema pale Tanga aliona meli imetia nanga nje, akamuuliza mtu wa pale hii ikiharibika katikati ya bahari anaitwa fundi gani. Yule mtu akamjibu hakuna wa kuitwa, mafundi ni haohao walioko ndani. Dogo anasema tangu siku hiyo anataka awe mmoja wa hao watu. Hajui habari za dola wala nini, mimi ndo nimemsomea ya kaka wa Sombetini kuhusu mshahara, akaniambia sawa, akarudi kuniuliza hiyo pyurifaya ina disiki ngapi.

Baba amelegea, anasema injinia ni injinia. Mama bado, ila swali limebadilika. Anauliza Krismasi atakuwa anarudi? Nimjibu nini?

---

Mama_wa_Kijenge (Arusha)

Mjibu ukweli dada yangu, nyingine atakuwepo na nyingine hatakuwepo, na hakuna atakaejua mapema ni ipi. Usimwahidi. Mimi niliahidiwa, ikawa kila Novemba naanza kukasirika kabla ya wakati. Nilipoacha kuhesabu Desemba tukaanza kufanya sherehe siku yoyote anayorudi, hata ikiwa Machi mbuzi anachinjwa, na mama mkwe anapanda toka kijijini. Mama yenu akitaka namba yangu dada niandikie inboksi nitamtumia, tuongee watu wazima, mimi na yeye tutaelewana zaidi kuliko akisomewa kwenye simu.

---

Sombetini_Injini (Arusha)

Mwambie zinategemea na pyurifaya, nyingine zinapita mia moja, na zina alama za mpangilio.

Dada huyo msimzuie. Sisemi kwa sababu ni kazi yangu, nimeshawahi kuwakatalia ndugu zangu wawili waliotaka kuja kwa ajili ya hela. Huyu ni mwingine. Fanyeni hivi: macho kwanza, kama rangi ziko sawa aombe chuo. Wakati anasoma asiache gereji likizo zote, huko karakana ndo wanamuona nani ana mikono. Mwaka wa pili aanze kuandika kampuni mwenyewe kuomba nafasi ya ukadeti, asisubiri amalize, aandike nyingi, azoee kutojibiwa. Kiingereza akaze, melini ndo lugha ya kazi, na mitihani ya cheti ina sehemu ya kuongea uso kwa uso na mkaguzi. Na muwe na mpango wa pili wa mwaka mmoja au miwili akikosa meli, kwa mfano viwandani au meli za ziwani kule Mwanza, mana mashine ni zilezile kwa sehemu kubwa na atakuwa hajakaa bure.

Nipo mjini mpaka niitwe. Siku akija Arusha aje Sombetini nimuonyeshe kitabu changu cha mafunzo ya ukadeti, nimekitunza, aone ni kazi gani atatakiwa kusainiwa moja baada ya nyingine.

---

Dada_wa_Pasua (Moshi)

Jumamosi tunakuja wote, na baba. Macho anapimwa Alhamisi. Nitaleta majibu hapahapa.